Matairi ya Kuazima

Mdogo wangu ni mtu wa kuazima. Hata kuoa alioa na suti yangu. Kwa hiyo asubuhi ile alipoingiza gari lake bovu kwenye foleni yangu ya ukaguzi, likiwa na matairi manne mapya, nilijua si ya kwake kabla sijawasha tochi.

Mchezo huo tunaujua. Siku ya ukaguzi mtu anafunga matairi ya jirani, anapata stika, akirudi nyumbani wanabadilishana tena. Kwa miaka kumi na tisa nimewakamata, na sitasema uongo, nilikuwa naona raha sana kuwaumbua. Nikainama kwenye gurudumu la mbele. Kifuniko kidogo cha pale pa kujazia upepo kilikuwa cha njano. Nilikipaka rangi hiyo mwenyewe, hicho na wenzake watatu, kwenye gari langu nililoliacha nyumbani.

Damu ilinichemka. Yaani alisubiri nipande basi la kazini, akamlainisha mke wangu, kisha akaja kunikaguza matairi yangu mwenyewe.

Nikaitia mfukoni kadi yake ya gari, na simu yake pia, kwa sababu kwangu hakuna simu karibu na shimo la kukagulia magari. Nikamsimamisha mbele ya foleni nzima, nikawaonyesha madereva vile vifuniko kimoja kimoja. Walicheka mpaka wengine wakashuka waje waone vizuri.

"Kaka, niumbue utakavyo," alisema kwa sauti ya chini, "ila niache nirudi sasa hivi. Matairi yangu vipara yako kwenye gari lako, na saa nne shemeji anampeleka Mama hospitali."

Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati, na niliisikia. Lakini kwa mdomo wa huyu bwana Mama alishapooza mara mbili ili yeye apate ruhusa kazini, na mara moja alishamzika kabisa. Mama alipopata habari alicheka hadi machozi. Ningethubutu mimi, asingenisemesha mwaka mzima. Hilo ndilo lililokuwa likinikereketa, wala si matairi.

Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na robo, na kutoka pale hadi kwangu ni dakika ishirini.

"Mama asubiri," nikasema.

Foleni ikacheka tena. Gari lake nikalipeleka uani kwa yaliyozuiliwa, naye akakaa kwenye benchi kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Niliendelea na magari mengine, taratibu, kama kawaida yangu. Saa nne kasorobo simu yake ikalia mfukoni mwangu. Alikuwa mke wangu. Nikaikata, nikaanza kumwandalia maneno yake ya jioni.

Saa tano polisi wakatuita tukakague gari lililopata ajali, maana na hiyo ni kazi yetu. Nilikwenda na mkaguzi mwenzangu. Lilikuwa limelalia ubavu chini ya daraja, na namba ilikuwa yangu. Mama alikuwa ameshafunikwa shuka. Mke wangu alikaa ukingoni, mkono umefungwa, hanitazami.

Mwenzangu alipapasa gurudumu, akaandika kwamba matairi yote manne ni vipara. Juu yake, kwenye kioo kilichopasuka, kulikuwa na stika yenye saini yangu. Alinipa pole, akasita kidogo, kisha akasoma swali la mwisho la fomu, kwa kuwa lazima lijibiwe.

"Mwenye gari alikuwa anajua?"

"Hapana," nikasema. "Andika hapana."

Mke wangu hakusikia. Alikuwa ametoa simu kwa mkono ulio mzima, anampigia mdogo wangu ampe habari za Mama. Ikalia mfukoni mwangu. Ndipo akanyanyua uso.