Kituo cha Kwambegu

Treni ya umeme ilipoanza kupita Kwambegu, watu walitoka mashambani kwenda kuitazama. Waliipungia mikono, na wapo walioapa kwamba abiria waliwapungia pia, ingawa kwa mwendo ule haikuwa rahisi kumwona mtu. Baadaye wakaizoea. Ikawa inapita nyuma ya uzio asubuhi na jioni, na hakuna aliyeinua kichwa kwenye jembe lake.

Ditram ndiye hakuizoea. Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, mtu mrefu mwenye sauti ya kubembeleza, na mkewe Naomi alikuwa na sukari. Naomi alikuwa na kidonda kwenye unyayo ambacho kilifunga na kufunguka kama mlango wa duka. Kliniki yake ilikuwa Kilosa mjini. Kiangazi bodaboda ilimfikisha bila taabu, lakini masika korongo la chini ya shule lilijaa likaikata barabara, na hapo mgonjwa wa Kwambegu alikuwa wa kuombewa tu. Masika moja Naomi alikaa ndani mpaka kidonda kikaanza kutoa harufu. Kila asubuhi, akiwa ameketi mlangoni na mguu ameuweka juu ya kigoda, aliiona treni ikipita kuelekea Kilosa.

"Ile inakwenda kulekule ninakotakiwa mimi," alisema siku moja, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua.

Neno lile halikumtoka Ditram. Maji yalipopungua alikwenda Kilosa kuwaona wakubwa wa wilaya, kisha Morogoro, kisha Dodoma. Akaambiwa reli ile ilijengwa kwa ajili ya safari ndefu, haiwezi kusimama kila palipo na mahindi. Akarudi tena. Alikaa kwenye mabenchi ya ofisi nyingi akiwa na shati lake moja la heshima, mpaka makarani wakamjua kwa jina. Watu wa Kwambegu walimcheka, halafu wakamzoea, halafu wakaanza kumwamini. Na siku wahandisi waliposhuka kwenye gari wakiwa na vifaa vyao vya kupimia, nusu ya kijiji ilikuwa nyuma yao.

Wahandisi walisema panapofaa ni mahali pamoja tu, pale reli iliponyooka na ardhi ikawa tambarare. Pale palikuwa na vitu viwili. Kimoja ni makaburi ya baba na mama waliowazaa Ditram na dada yake Gaudiosa. Kingine ni njia ambayo Saibulu, mfugaji aliyehamia Kwambegu zamani, aliitumia kupeleka ng'ombe wake mtoni kupitia chini ya daraja la reli.

Ditram alianza kwa dada yake. Alimkuta anachambua choroko kwenye ungo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Ukija asubuhi hivi una jambo."

Akamweleza. Gaudiosa aliendelea kuchambua mpaka ndugu yake alipomaliza.

"Baba alikataa kuzikwa kule misheni," alisema. "Alitaka alale pale, alione shamba lake. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Na leo unataka nimfukue."

"Nataka Naomi afike hospitali, dada. Na wewe pia utafika, siku ukihitaji."

Gaudiosa alipuliza maganda, yakaruka. "Sitakukatalia, kwa sababu ya Naomi. Lakini mambo yakiharibika nitakuuliza wewe. Sitakwenda kumuuliza mtu wa reli."

"Niulize mimi," Ditram akasema, na alilisema kwa moyo mweupe.

Saibulu alikuwa mgumu kidogo. Walizungumza wamesimama, ng'ombe wakiwa wanapita kati yao.

"Hawa watakunywa wapi, mwenyekiti?"

"Watajenga birika upande huu. Maji yatavutwa kwa bomba."

"Nani kasema?"

"Wamesema mbele yangu."

Saibulu aliegemea fimbo yake. Binti yake Naanyu alikuwa sekondari Kilosa, amepanga chumba na wenzake, na mambo ya wasichana kupanga vyumba mjini yalimnyima baba yake usingizi. "Treni ikisimama hapa, Naanyu atalala nyumbani?"

"Kila siku."

"Basi wajenge," Saibulu akasema.

Makaburi yalihamishwa mbele ya padri na ndugu wachache. Mifupa ya mama ilikuwa michache mno, ikatosha kwenye kitambaa cha shuka. Gaudiosa ndiye aliyeibeba, hakutaka kusaidiwa. Kituo kikajengwa: jukwaa la zege, paa la bati la buluu, viti vya chuma, na ubao mkubwa wenye jina la Kwambegu ambalo hakuna aliyewahi kuliona limeandikwa kwa ukubwa ule. Birika nalo likajengwa, likasakafiwa vizuri, likasubiri bomba.

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alikata utepe, wanafunzi wakaimba, na treni ikapunguza mwendo, ikasimama. Milango ikafunguka yenyewe. Wapo waliorudi nyuma kwa mshangao. Naomi alipanda akiwa amevaa kitenge chake cha harusi za watu, Ditram akamshika mkono, na kabla hawajamaliza kukaa vizuri wakawa Kilosa.

"Nimefika jasho halijanitoka," Naomi alimwambia muuguzi, naye hakuelewa anacheka nini.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, na Ditram aliishi kama mtu aliyelipwa. Naomi hakukosa kliniki. Kidonda kikaanza kufunga kutoka ndani, ngozi changa ikaonekana pembeni. Naanyu alishuka kila jioni na sare yake, baba yake akimngoja nje ya uzio. Bomba la birika halikuja, na Saibulu alilazimika kuwazungusha ng'ombe mbali, karibu nusu siku, lakini alipomwona Ditram alimsalimu vizuri na hakugusia.

Kisha akaja Goodhope, binti wa ofisi ya reli, mwenye kitambulisho kifuani na viatu visivyofaa kwa vumbi la Kwambegu. Alimkuta Ditram jukwaani, kwa sababu siku hizo Ditram alishinda pale.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kituoni kwetu."

Goodhope alitazama viti vitupu. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. "Mzee, kuna jambo hamkuambiwa vizuri. Treni kusimama hapa ni majaribio. Abiria wa safari ndefu wanalalamika kwamba wanacheleweshwa. Na wanaopanda hapa ni wachache. Wakiendelea kuwa wachache, itaondolewa."

"Kituo kitaondolewa?"

"Kituo kitabaki. Treni ndiyo haitasimama."

Ditram alicheka kidogo, akidhani hajasikia sawasawa. "Tulihamisha wazazi wetu kwa ajili ya kituo hiki."

"Pole, mzee," alisema Goodhope, na alionekana kumaanisha. "Mimi nimekuja kukwambia ili mjitahidi."

Wakajitahidi. Ditram aliitisha mkutano, akaeleza, na Kwambegu ikaamua kupanda treni. Wenye safari walipanda, na wasio na safari walipanda pia. Wakapangiana zamu kwa kaya. Watu walikwenda Kilosa, wakazunguka soko, wakala muhogo wa kukaanga, wakarudi. Bibi mmoja aliyekuwa hajatoka kijijini tangu alipoolewa alipanda akiwa na kuku, akarudi na kuku yuleyule. Kwaya ya kanisani ilifanya mazoezi ndani ya behewa. Saibulu mwenyewe alipanda, shuka begani, akakaa wima bila kushika chochote, na aliporudi alisema ng'ombe mgonjwa ndiye hubebwa hivyo. Watu walicheka siku nzima. Hata Gaudiosa alipanda mara moja. Treni ilipoondoka aligeuza uso upande mwingine, asiangalie pale chini ya jukwaa.

Abiria wakaongezeka, Goodhope akapiga simu kuwapongeza. Lakini nauli si majani ya kuchuma porini. Mvua za vuli zikaja, watu wakaingia mashambani, na aliyeuza debe la mahindi ili apande treni bila kuwa na safari alianza kujiuliza. Zamu zikalegea. Ditram alipita nyumba kwa nyumba akibembeleza, na kwa mara ya kwanza aliona watu wakijifanya hawapo. Hakuwalaumu. Yeye mwenyewe alikwisha kuuza mbuzi wote, akawa anapanda asubuhi na jioni, na kondakta wa treni akamwambia kwa upole, "Mzee, wewe ukipanda mara kumi bado ni mtu mmoja."

Tangazo lilibandikwa ukutani mwa kituo kabla ya masika. Ratiba mpya, na Kwambegu haimo. Ditram alimpigia Goodhope.

"Nilisema kwa niaba yenu mpaka bosi akaniambia ninyamaze," Goodhope alisema. "Sina la kuongeza, mzee."

Masika ya mwaka huo yalikuwa ya hasira. Korongo lilijaa mapema na likachukua kipande kizima cha barabara. Naanyu akabaki Kilosa, akarudi kwenye chumba cha kupanga. Na kidonda cha Naomi, kilichokuwa kimebakiza sehemu ndogo kama punje ya dengu, kikafunguka upya. Homa ikaja. Vidole vikabadilika rangi.

Siku ya nne ya homa, Ditram alimbeba mgongoni mpaka kituoni. Geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Saibulu, aliyemwona kwa mbali na kumfuata, aliuvunja kwa jiwe bila kuuliza. Walimlaza Naomi kwenye viti vya chuma chini ya paa la buluu, mvua ikipiga bati, na treni ilipotokea kwenye kona Ditram alisimama kwenye ukingo wa jukwaa akipunga kitenge cha mkewe kwa mikono miwili. Saibulu alipunga shuka lake jekundu. Dereva aliwaona, kwa maana alipiga honi, tena ndefu. Upepo wa treni uliwasukuma nyuma wote wawili, na maji ya mvua yakawarukia usoni. Kisha ikawa imepita.

Naomi alikuwa amefumbua macho. "Imesimama?" aliuliza.

"Bado," Ditram akasema.

Vijana wa Saibulu ndio waliomvusha, kwa machela ya miti na ngozi, wakizunguka kwa juu ambako korongo ni jembamba. Waliingia Kilosa kesho yake mchana. Daktari alimtoa Ditram nje, akamweleza kwamba mguu hauokoleki, na kwamba kama wangemleta mapema kidogo angekata vidole tu. Alikuwa daktari mchovu, hakulisema kwa ubaya. Wakaukata chini ya goti.

Naomi aliporuhusiwa hakurudi Kwambegu. Binti yao Doreen alikuwa ameolewa Mikumi, nyumba yao haiko mbali na barabara kuu, hospitali ipo na magari hayakosekani masika wala kiangazi. Doreen alimchukua mama yake moja kwa moja kutoka wodini.

Kijijini hakuna aliyemgombeza Ditram. Uchaguzi wa kitongoji ulipofika hakugombea, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Saibulu alihama na mifugo yake kutafuta maji upande wa Masanze. Alikuja kuaga, wakakaa kwenye benchi nje ya nyumba, wakazungumza habari za mvua, na wakati wa kuondoka Saibulu akamwachia ndama. "Wa mama Doreen," alisema. Ditram alitaka kumwomba radhi. Alipopata maneno, mwenzake alikuwa amekwisha kufika njiani.

Kwa Gaudiosa alikwenda mwenyewe, akakaa chini, akasubiri kuulizwa. Gaudiosa alimpa ugali na mlenda. Walikula. Ikawa jioni.

"Dada, ulisema utaniuliza."

"Nimekuangalia," Gaudiosa akasema, akikusanya vyombo. "Nikuulize nini?"

Baada ya mavuno alikwenda Mikumi. Alimkuta Naomi amekaa barazani, magongo yameegemezwa ukutani, anamenya vitunguu vya Doreen. Amenenepa kidogo. Malori yalipita barabarani na yeye hakuyatazama. Ditram alimweleza habari za mavuno, nani amezaa na nani ameugua. Mke alisikiliza yote.

"Na kituo?" aliuliza.

"Kipo. Wameng'oa viti, wamekwenda kuvifunga kwingine."

Naomi alitikisa kichwa polepole, akaendelea kumenya.

"Ninaweza kuhamia huku," Ditram akasema. "Shamba nikalikodisha. Nitapata kibarua chochote hapa."

"Nyumba ya Doreen ina vyumba viwili, baba Doreen. Na mkwe wako hajasema kitu, lakini mimi naona." Aliweka kisu chini, akafuta macho yaliyokuwa yakitoka machozi ya vitunguu, au ya vitunguu pamoja na mengine. "Ukipata nafasi uwe unakuja. Hiyo inanitosha."

"Halafu nikirudi kule?"

"Ulime."

Alilala usiku mmoja, kwenye mkeka sebuleni. Asubuhi Doreen alimfungia chapati kwenye gazeti, naye akapanda basi la Kilosa linalopitia kijiji cha Ulaya, akakaa nyuma kabisa. Naomi alitoka mpaka barazani kwa magongo yake kumuaga. Alisimama vizuri. Ditram alimwangalia kupitia dirishani mpaka basi lilipopinda, kisha akageuka mbele, na kwa sababu hakuwa na haraka ya kufika popote, hakumuuliza kondakta watafika saa ngapi.