Damu ya Mzee Bortolo

Marzia Bonaldi alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye maabara ya hospitali ndogo ya bondeni, juu ya mji wa Bergamo, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kugombana na namba. Mashine ikitoa namba, yeye anaandika, biashara imekwisha. Lakini namba ya Mzee Bortolo ilimkera. Jumatatu ilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Jumanne mia mbili na kumi na mbili. Jumatano mia mbili na kumi na moja, kana kwamba inamkonyeza.

Ilikuwa namba ya troponini. Hicho ni kitu kinachokaa ndani ya misuli ya moyo, kimetulia huko kwake, na kikianza kuonekana kwa wingi kwenye damu, ujue moyo umeumia. Majira yale ya baridi wadi ilikuwa imefurika watu wa mafua makali, na Daktari Persico alikuwa ameona mwenyewe ni wagonjwa gani waliokuwa wakimponyoka: wazee wa mafua ambao troponini yao iko juu. Kwa hiyo aliamua, na hakuna aliyeweza kumlaumu. Siku ya Alhamisi, saa sita mchana, gari la wagonjwa lingempeleka Mzee Bortolo mjini, akaingizwe mrija mpaka kwenye moyo.

Tatizo ni kwamba Alhamisi ilikuwa tarehe kumi na mbili Desemba.

Asubuhi hiyo Marzia alipanda wadini kuchukua damu ya mwisho. Mzee alikuwa amekaa kitandani, mashavu mekundu, homa ilishamwacha siku nne, na sahani ya kifungua kinywa iko safi utadhani imelambwa.

"Umerudi tena, mnyonya damu?"

"Nimerudi, mzee. Lete mkono."

"Leo tarehe ngapi?"

"Usiniulize kitu unachokijua."

"Basi nani atamwongoza Contessa?"

Marzia alitafuta mshipa. Contessa alikuwa punda wa mzee, na kila mwaka, jioni ya kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Lusia, anayewaletea watoto zawadi usiku akiwa na punda wake, mzee alipita na Contessa chini ya madirisha yote ya kijiji cha Cornalta akipiga kengele. Watoto wakishaweka nyasi za punda na bakuli la maziwa dirishani, wanasikia kengele, wanakimbilia kitandani na kufumba macho, maana anayechungulia humwagiwa majivu machoni. Miaka arobaini na moja mzee hakukosa, ila mwaka mmoja tu alipovunjika mguu. Mwaka huo walimpa fundi bomba kamba ya punda. Contessa alikaa chini katikati ya barabara, akagoma kata kata, na nusu ya watoto wa kijiji walilala wakilia. Marzia mwenyewe alikuwa mtoto wa Cornalta, na sasa Elia, mwanawe wa miaka sita, alikuwa ameshaandika barua yake kwa Mtakatifu na kuipaka gundi kila mahali.

"Mimi nimekula ugali wa polenta sahani mbili jana," mzee alilalamika. "Mtu wa sahani mbili anaingizwa waya moyoni kwa kosa gani?"

"Namba yako mbaya, mzee."

"Namba yangu! Mimi mwenyewe je, mbaya?" Alifungua kabati lake dogo, akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti. "Haya, chukua. Umenihudumia vizuri, hata kama unanimaliza damu."

Kilikuwa kijibini cheupe, kidogo kama kiganja. Marzia alikinusa tu akajua.

"Hiki cha mbuzi."

"Cha dukani."

"Mzee, cha dukani hakina unywele."

Mzee aliutazama ule unywele kwa chuki kubwa. Marzia naye alikuwa ameshahamia kwenye vidole vya mzee: vimejaa mikwaruzo na alama za meno madogo, nyingine za zamani, nyingine mbichi.

"Una mbuzi wewe?"

"Sauti, mama wee! Loredana yuko njiani." Mzee akashusha yake mpaka ikawa mnong'ono. Loredana alikuwa binti yake, mtu mwenye moyo mzuri na mdomo mkali. "Nilipoanguka kwenye barafu alinilazimisha niwauze wote. Nikamwapia nimewauza. Sasa mwaka wa tatu huu."

"Na ukweli?"

"Ukweli ninao wawili. Watatu hivi."

Marzia alishuka ngazi akikimbia, chupa ya damu mkono mmoja, jibini mkono mwingine. Alikumbuka semina moja ya zamani ambayo nusu yake aliilala usingizi. Mashine ile hunasa troponini kwa kutumia kingamwili zilizotolewa kwa wanyama, na mbuzi ni mmojawapo. Sasa mtu aliyeishi na mbuzi, akakwaruzwa na kung'atwa miaka nenda miaka rudi, damu yake inaweza kuwazoea hata ikavishika vile vitu vya mbuzi vilivyomo kwenye kipimo. Mashine ikiona vimeshikwa, inadhani imepata troponini, nayo inatangaza bila haya.

Alichanganya damu na maji ya kipimo nusu kwa nusu. Namba ya kweli ingeshuka nusu, mia moja na kidogo. Mashine ilisoma mia moja na tisini. Akafungua friji, akatafuta kichupa cha dawa ya kuzuia vurugu za namna hiyo, akaiweka, akasubiri huku akitafuna kijibini bila kujua.

Sita.

Akarudia. Sita tena. Ile ya mtu mzima asiye na neno.

Ilikuwa saa tano na nusu, na gari la wagonjwa lilikuwa limeshaegeshwa mlangoni. Alimkuta Daktari Persico anatia sahihi karatasi za safari.

"Marzia, nimepoteza watatu mwezi huu wenye namba kama hii," daktari alisema, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala vya kutosha. "Wa nne simtaki."

"Sisemi uniamini, daktari. Tazama mwenyewe. Moyo ulioumia namba yake hupanda au hushuka. Hii imekaa palepale siku tatu, kama Contessa barabarani."

Daktari alisoma karatasi mara mbili. "Mbuzi?"

"Mbuzi."

"Fomu inasema hana mifugo."

"Fomu ameijaza binti yake."

Daktari alivuta mashine ya ultrasaundi mwenyewe mpaka wadini. Alimpima mzee muda mrefu, na moyo ulionekana unadunda kwa raha zake bila kuchechemea popote. Lakini hakuridhika. "Lazima niandike kwenye faili," alisema, "la sivyo mwakani daktari mwingine atamwingiza mrija kwa namba hiyohiyo. Na siandiki nisichokisikia kwa mwenyewe. Mzee, unafuga mbuzi?"

Loredana alikuwa ameshafika, na begi la safari ya mjini. "Hafugi," alijibu. "Aliwauza."

Mzee Bortolo alitazama dirishani, akaliona lile gari chini. Akamtazama binti yake. Mtu angedhani mrija ungemuuma kidogo kuliko hili.

"Ninao," alisema.

"Baba!"

"Wawili tu."

"Mzee," Marzia alimwambia, "kwa namba ile?"

"Kumi na mmoja. Pamoja na beberu."

"Wako wapi?" Loredana aliuliza.

"Zizi la marehemu Tullio, nyuma ya kanisa. Padri ananisaidia kuwalisha."

"Hata padri!" Loredana alikaa juu ya begi lake. Alianza kucheka, na kicheko kikageuka kilio katikati. "Wiki nzima silali, nasema baba ananifia, moyo wake umekwisha, kumbe mbuzi! Mbuzi, baba!" Akamkumbatia mzee kwa nguvu hata mzee akakohoa.

Gari la wagonjwa lilirudi mjini tupu. Daktari aliandika ruhusa ya kutoka jioni na punda: avae barakoa, atembee polepole, saa moja tu asizidi, na binti awe naye. Akaongeza kwamba kijibini kingine, kikipatikana, kipelekwe ofisini kwake.

Jioni Elia aliweka nyasi dirishani, na bakuli la maziwa, na barua yenye gundi. Ilipogonga saa moja kengele ikasikika kutoka juu barabarani, akaruka kitandani na kujifunika mpaka kichwani. Marzia alikaa kando yake. Kengele ilikuja taratibu, kwato zikagonga mawe, na nyuma yake zikaja kwato nyingine, nyepesi, nyingi, na sauti ya Loredana ikimkemea mtu aache kula maua ya watu.

"Mama," Elia alinong'ona chini ya blanketi, "punda wa Mtakatifu Lusia analia kama mbuzi!"

"Fumba macho," Marzia alisema, na yeye mwenyewe alikuwa amefumba.