Nani Atabisha kwa Mchungaji

Mchungaji Salmela akitokea barabarani kwa miguu, watu wa Haapakylä walijificha. Si kwa chuki, la hasha! Mzee yule alikuwa amebatiza nusu ya kijiji. Lakini tangu vita vianze majira yale ya baridi, habari za vifo hazikuletwa na tarishi. Kasisi wa jeshi, Hovila, aliyesoma naye chuo kimoja, alikuwa akimwandikia kutoka mstari wa mbele, naye Mchungaji huvaa koti lake jeusi na kutembea hadi kwa mwenye msiba. Basi ikawa mchungaji wa watu hawezi hata kwenda kuomba maziwa bila mtu kuzirai.

Saimi Rautakorpi alimwona kupitia tundu alilolikwangua kwenye barafu ya dirisha. Jirani yake Lempi alikuwa jikoni akinywa kahawa ya vita, ile ya nafaka iliyokaangwa, aliyoiita maji ya kuoshea sufuria huku akisogeza kikombe aongezewe.

"Anapita tu," Lempi alisema. "Anakwenda kwa akina Mattila."

"Kwa Mattila ameshapita."

"Basi kwa..." Lempi akakosa jina. Baada ya Mattila hakukuwa na nyumba nyingine ila hii. Mwanamke yule hakuwahi kukosa neno tangu azaliwe, na sasa akaweka kikombe chini polepole.

Saimi akatia komeo. Msimlaumu. Mwanawe wa kwanza, Viljo, alikuwa ameuawa vitani na kuletwa kuzikwa uani mwa kanisa, na wa pili, Urho, ambaye ndiye aliyebaki, hakujulikana alipo tangu Krismasi.

"Sifungui," alisema. "Asiposema, Urho wangu hajafa."

"We Saimi! Utamwacha mtu wa Mungu nje kwenye baridi hii inayopasua miti?"

"Na agande!"

Mlango ukabishwa. "Mama Saimi, fungua."

"Nenda zako, Mchungaji! Kwangu umeshakuja, inatosha. Wapelekee wengine!" Aliona haya kwa neno lile la mwisho, maana kumwombea jirani msiba ni dhambi, lakini hakulirudisha.

"Ni mzima," sauti ikasema nje. "Urho ni mzima."

Lempi ndiye aliyefungua, kwa maana Saimi alibaki ameganda pale pale, mkono kinywani.

Mchungaji aliingia, ndevu zimekuwa barafu, akaisoma barua akiwa amesimama. Hovila alimkuta Urho katika shule iliyogeuzwa hospitali. Kipande cha bomu kilikuwa kimemvunja taya. Hakuwa na karatasi hata moja, wala hakuweza kusema. Kasisi alipopita vitandani kuwaandikia majeruhi barua, kijana akamshika mkono, akamwandikia kiganjani kwa kidole, herufi moja moja, jina lake, kisha jina la mama yake. Akaandika tena na tena hadi kasisi akaelewa.

Saimi alicheka, akalia, akampiga Lempi mgongoni hadi mwenzake akalalamika. Kisha akatulia. Alimfikiria huyo Hovila, mtu ambaye hajawahi kumtia machoni. Alipokufa Viljo, Saimi alimwomba Mchungaji aulize huko kama mtoto alikuwa amevaa soksi. Swali la kipumbavu, soksi za maiti! Lakini jibu lilikuja: alikuwa nazo, za sufu ya kijivu, hazikutoboka, na kasisi mwenyewe ndiye aliyemwosha. Wazee wawili, mmoja kwenye mizinga na mmoja huku kwenye theluji, walikuwa wakikibeba kijiji kizima kwa kuandikiana.

"Kaa basi, Mchungaji. Upate kikombe."

Hakukaa. Wala hakuikunja barua. Kidole gumba chake kilikuwa kimefunika mistari ya chini.

"Imeishia hapo?" Lempi akauliza, maana umbea haupoi hata kwa furaha.

"Haijaishia hapo." Mzee akakiondoa kidole gumba. "Ni Olavi wangu. Ameuawa karibu na ziwa, wiki hii hii. Hovila anasema hakujua aanze na lipi. Akaanza na lenu."

Olavi alikuwa mtoto pekee wa nyumba ile ya mchungaji, mrefu, mwenye kucheka ovyo kanisani.

"Mama Mchungaji anajua?" Saimi akauliza.

"Nilifika hadi langoni kwangu. Nikaona moshi, anaoka mkate. Nikapita." Alisema hivyo kama mtoto anayekiri kuvunja sahani. "Nimebisha milango ya watu wote, Mama Saimi. Wangu umenishinda."

Hapo ndipo Saimi alipoelewa alichokitenda mtu huyu. Alikuwa ametembea kijiji kizima na kifo cha mwanawe kifuani, akasimama nje akitukanwa, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa uzima wa mtoto wa mwingine. Saimi aliingiwa na hofu, ile hofu ya mtu aliyejikuta mahali patakatifu na viatu vichafu. Hakuweza kumtazama usoni.

"Kinyozi hajinyoi," akasema mwishowe, akachukua koti lake. "Twende. Nitasema mimi."

"Na mimi nakuja," Lempi akadakia.

"Wewe baki ukamue ng'ombe. Na ukiutoa mdomo nje kabla sijarudi, tutaonana!"

Wakaenda, Saimi mbele, Mchungaji nyuma. Kwenye madirisha watu walichungulia, wakaona nani anamwongoza nani, na kwenda wapi. Safari hii hakuna aliyejificha. Mattila alitoka hadi barabarani bila koti, akavua kofia, akasimama hivyo hivyo kwenye baridi mpaka walipopita. Wengine nao wakatoka.

Saimi akabisha. Tyyne, mke wa mchungaji, alifungua akiwa na unga mikononi. Alimtazama mumewe, kisha Saimi, kisha mumewe tena.

"Ni Olavi," Saimi akasema. "Amefariki vitani, Mama Mchungaji."

Tyyne hakupiga kelele. Akauliza kitu ambacho Saimi hakukitarajia hata kidogo.

"Na wako? Urho je?"

Saimi alitamani ardhi impasukie. "Ni mzima," akanong'ona. "Barua imekuja leo. Ni mzima."

Tyyne akamshika mashavu kwa mikono ile ya unga. "Mungu ashukuriwe," alisema, na alimaanisha. Saimi aliliona waziwazi machoni mwake. "Mungu ashukuriwe, ndugu yangu."

Ndipo Tyyne akaanguka, na Saimi akamdaka.