Posa ya Mzee Dado

Kwa miaka miwili niliwafuata Perlita na Liway na kamera yangu, nikitengeneza filamu ya wanawake wawili wanaohangaika kuoana kanisani. Makanisa matatu ya mji wao wa Iloilo, Ufilipino, yaliwafungia mlango. La nne, dogo la bati, mchungaji wake akakubali. Nikadhani filamu imekwisha. Thubutu! Perlita akagoma.

"Bila baba kukubali, siingii kanisani."

Baba mwenyewe, mzee Dado, seremala wa Guimbal, nje ya mji, alikuwa hajamsemesha binti yake mwaka wa sita huo.

"Tutampelekea posa," akasema mama Sidra, mama yake Liway. "Mtoto wa watu haibwi, anaombwa."

Jumapili tukapakia nguruwe wa kuchoma na sufuria ya tambi, tukaenda Guimbal. Tukakuta kufuli. Jirani akatuambia mzee ametoka asubuhi, kavaa shati jeupe.

"Amenikimbia," Perlita akasema, akakaa kwenye ngazi na kulia. Liway akamshika mkono. Mimi nilimchukia yule mzee waziwazi.

Simu ya mama Sidra ikalia. Alikuwa jirani yake wa mjini, na sauti yake sote tuliisikia.

"Sidra, kuna mzee mlangoni kwako na ungo wa mikate ya mchele. Namkaribisha kwangu, hataki. Anasema kaja kuposa."

Mama Sidra akawaka. "Hebu mpe simu! Wewe mzee, nani kakwambia nyinyi ndio upande wa bwana? Waposaji ni sisi!"

"Wako anashona magauni, wangu anafungua injini za malori," mzee akajibu. "Sasa bwana nani hapo?"

"Wangu ndiye aliyetongoza!"

Liway akafunika uso kwa aibu. Nilicheka hadi kamera ikatikisika. Asiyekuwapo na lake halipo: posa niliyoingoja miaka miwili ilikuwa inapelekwa mjini, nami huku napiga picha kufuli.

Perlita alikuwa ameshaichukua simu.

"Baba?"

Mzee alikohoa.

"Rudini upesi, mwanangu, mikate inapoa. Na kanisani nimeshapita. Mchungaji aliuliza nani atakushika mkono kukupeleka madhabahuni. Nimemwandikisha jina langu."