Faili za Mama Mkwe

"Mwanangu," alisema Mzee Mwinyimadi, "mke wangu nimemzika au sijamzika?"

Faudhia alikuwa amepiga magoti ukumbini, ukweni kwake Kibuta ya Kisarawe, sahani ya muhogo mkononi, na swali lile lilimkuta hajapata hata pa kuitua sahani. Matanga yalikuwa yamekwisha, majamvi yamekunjwa, wageni wamerudi kwao. Baba mkwe wake alikuwa ameshika simu aliyonunuliwa na mwanawe Seif, ameiweka mbali na uso kama wafanyavyo wenye macho mabovu. Ndani ya simu ile marehemu alikuwa anacheka.

"Hamjambo nyumbani?" alisema, amesimama kwenye mikorosho, jembe begani. "Miye miguu yangu sasa haina neno. Nalala, naamka, nalima. Nafuu, mafuta ya kuchua!"

"Umemzika, baba," Faudhia alisema.

"Basi mtoeni humu. Watu wanakuja kunipa pole, na njiani wamemsikia akisema haumwi. Siku ya arobaini nataka isomwe hitima ya mtu aliyekufa. Mambo haya ya matangazo si kazi yenu?"

Ilikuwa kazi yao, tena yake hasa. Faudhia alimwahidi kwamba arobaini haitafika marehemu akiwa bado yumo kwenye simu za watu. Kuahidi ni rahisi mbele ya mfiwa. Ulimi hauna uzito siku kama hizo.

Ofisi yao ilikuwa Kibaha, mtaa wa Pangani, kwenye nyumba ya kupanga yenye mpapai mlangoni na feni inayolalamika kutwa. Bosi alikuwa Telesphory, na dawati la pili lilikuwa la Rahma. Kazi ya Faudhia ilikuwa kuzipa majina picha na video za matangazo. Anayeisikia kazi hiyo kwa mara ya kwanza hucheka, na mama yake mzazi mpaka leo anawaambia majirani kwamba mwanawe ni karani. Lakini tangazo moja siku hizi halibaki moja. Hukatwa la kusimama kwa ajili ya simu, la mraba, fupi la sekunde chache, na picha tupu. Vipande vyote huingizwa kwenye mtambo wa kompyuta unaopeleka matangazo kwenye simu za watu, na mtambo wenyewe huvipanga makundi, hupima kundi lipi linatazamwa, hulisukuma mbele, na lisilotazamwa hulinyima riziki.

Na msidanganyike, mtambo ule hauna macho. Hautofautishi mama na mbuzi. Husoma jina la faili tu, sehemu kwa sehemu: bidhaa, mahali, sura, umbo. Penye sura huandikwa jina la mtu anayeonekana. Faili zote zenye jina moja hapo ni mtu mmoja, na huwekwa pamoja. Jina likibadilika, kwa mtambo huyo ni mtu mwingine, hata kama ni yuleyule na kanga yake ileile.

Mwenye mafuta ya Nafuu alikuwa ametaka mkulima wa kweli, si binti wa mjini aliyefungwa kilemba cha kukodi. Faudhia ndiye aliyemtaja mama mkwe wake. Mama alikubali kwa bashasha, akavaa kanga mpya, akawachosha wapiga picha kwa vichekesho mpaka mmoja akaweka kamera chini. Faili zikaja mezani kwa Faudhia. Alipofika penye sura, vidole vikagoma.

Kwao Kisarawe alilelewa hivyo: jina la mkwe halitoki kinywani. Bibi yake aliishi na mama mkwe nyumba moja mpaka wote wakaota mvi, na siku alipompeleka mkwe huyo zahanati, karani akamuuliza mgonjwa anaitwa nani, bibi alimvuta jirani kwa mkono aje amjibie. Heshima si utumwa, wanasema. Lakini ikishamkaa mtu mifupani haimuulizi kama yuko ukweni au yuko ofisini.

Basi Faudhia akazunguka. Video ya jembe akaiandika mama-seif. Picha ya kanga mpya akaiandika bi-mkubwa. Ya kupepeta mpunga, mwenye-mji. Nyingine mama-wa-kibuta, nyingine mkulima-wetu, na nyingine majina yaliyomjia siku hiyo na kuondoka siku hiyohiyo. Alizunguka vilevile anavyozunguka mtu ukweni, leo anaita hivi, kesho vile, ilimradi asiliguse lenyewe.

"Shoga," Rahma alimtania, "huyu ni mama mmoja au kijiji kizima?"

Wakacheka, kazi ikaenda. Mtambo nao ukaamini ni kijiji kizima.

Baadaye moyo ulimsimama mama shambani, na hapakuwa na mafuta ya kuchua moyo. Ndipo kosa lilipojitokeza. Aliporudi Kibaha na ahadi yake kifuani, Faudhia alizima kundi la mama-seif, akazima na la bi-mkubwa, akadhani amemaliza. Wiki haikuisha, Hajra, dada yake Seif, akapiga simu kutoka Kibuta.

"Wifi, mama nimemwona tena. Safari hii ana ungo."

Faudhia akazima la ungo. Akatokea mwenye kinu. Vikundi vingine vilikuwa vidogo mno, mtambo ukavichanganya na akina mama wa matangazo mengine, na majina yake mengine ya adabu hakuyakumbuka hata kwa dawa. Siku zilikwenda. Ikawa simu ya Hajra ikiita, anaufungua mtambo kabla hajapokea. Seif, mumewe, hakuwa mtu wa maneno mengi, usiku alimuuliza tu, "Bado?" naye akajibu, "Bado." Aliona aibu ambayo hakuwahi kuijua, kwa sababu asili ya kosa lake haikuwa dharau. Angekuwa amemdharau mama, angemwandika jina lake siku ya kwanza na leo wangekuwa wamemaliza.

Telesphory alipoona anahangaika akavuta kiti.

"Dada, hivi hutamaliza. Fungua faili zote za Kisarawe, zitazame kwa macho yako, kila ukimwona mpe jina lake la kweli, lile lililo kwenye mkataba. Mtambo utamleta sehemu moja, na hapo tunamzima mara moja tu. Kumwondoa mtu kabisa hakukubali majina ya kubuni."

"Jina lake siwezi."

"Kwani unamtukana? Andika tu."

Aliandika. Alifungua faili moja baada ya nyingine, na kila alipouona uso ule alichapa herufi bila kutazama kioo, akijiona kama mtoto mkorofi anayemwita mtu mzima kwa kelele kutoka dirishani. Mpaka jua linakuchwa alikuwa amemaliza. Mtambo ukamkusanya mama kutoka kila kona ulikomtawanya, ukampanga safu kwa safu, anacheka, anapepeta, anatwanga, ameshika kiuno, anacheka tena. Faudhia akalia. Siku ya maziko alilia pamoja na watu, kilio cha kusaidiana. Hiki kilikuwa chake peke yake.

Ikabaki ruhusa ya mwenye mafuta, maana kuzima kikundi kimoja ni kazi ya kawaida ya ofisi, lakini kuiondoa sura nzima kwenye tangazo ni uamuzi wake. Mwenye mafuta alikuwa safarini, na aliyepokea simu yake alisema jibu litatoka Jumatatu. Arobaini ilikuwa Jumapili.

"Tusiguse kabla ya jibu," alisema Telesphory. "Yule ndiye anayetuweka mjini. Dada, nakuheshimu, lakini ukizima bila ruhusa yake, usirudi hapa."

Faudhia alijipa moyo. Mama alikuwa akionekana mara moja moja tu, na hizo zilikuwa siku chache. Jumatatu atakwenda kumwangukia mzee miguuni na kumweleza. Hapo alikuwa amesahau tabia ya mtambo alioulisha kwa mikono yake kila siku. Kutawanyika ndiko kulikokuwa kumemsitiri mama. Kila jina la adabu lilikuwa na watazamaji wake wachache, mtambo ukaliona halina maana. Sasa watazamaji wote walijumlishwa kwa mtu mmoja, na mtambo ukagundua kwamba Pwani nzima hakuna sura inayopendwa kama ile. Ukafanya ulichoundwa kufanya. Ukamsukuma mbele.

Jumapili alipofika Kibuta na Seif, masufuria ya pilau yalikuwa yamekwishainjikwa uani. Wanawake walimpokea mizigo bila kumtazama. Hajra hakumsalimia.

"Wifi, tumekukosea nini?"

"Kuna nini tena?"

"Tangu juzi yumo kwenye kila simu. Ukitazama mpira yumo, ukitazama mawaidha yumo. Wasomaji wenyewe wa hitima wamekuja naye mfukoni. Mtu kaniuliza hapo barabarani eti marehemu amerudi kuuza mafuta?"

Faudhia alitaka kueleza. Utamwelezaje mfiwa kwamba umemkusanya mama yake ili umwondoe, na kumkusanya ndiko kulikomrudisha? Mara akaambiwa baba anamwita ndani.

Mzee Mwinyimadi alikuwa amekaa kitandani na kanzu yake nyeupe, tayari kwa hitima, simu imelala kifudifudi juu ya mto.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Keti."

Aliketi mkekani. Alikuwa amejiandaa kwa ukali, na ukali haukuja.

"Hapo nyuma alikuwa akinijia mara moja moja," mzee alisema. "Tangu juzi kila nikifungua yumo. Jana asubuhi kasema hamjambo nyumbani, nami nikamjibu, hatujambo, karibu. Nilisahau tu. Baadaye kasema tena, nikamjibu tena. Hiyo ya pili sikuwa nimesahau."

"Nimekosa, baba. Nisamehe."

"Sikukuitia makosa. Mtoe leo. Nikizoea kumjibu nitaanza kumngojea, na miye bado sijawa mwendawazimu."

Faudhia aliifikiria Jumatatu. Alilifikiria dawati lake na neno la Telesphory, na ilimshangaza jinsi alivyoyafikiria kwa muda mfupi. Akatoa simu yake, akaufungua mtambo, akaliwekea alama kundi lote. Kabla ya kuzima, mtambo ukauliza swali lake, na chini ya swali ukaandika jina.

"Hapo pameandikwa nini?" mzee aliuliza, amekaza macho.

"Unaniuliza kama nina hakika, baba."

"Hakika ya nani? Nisomee."

"Ni jina lake, baba."

"Najua ni jina lake. Lisome."

Barazani wasomaji walikuwa ndio kwanza wanakaa, na nyumba ilikuwa imetulia. Faudhia aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, akafumba macho.

"Mwanamkuu," alisema.

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Ilipita pazia ikafika uani, na wanawake waliokuwa kwenye masufuria wakageuka kutazama mlangoni. Mzee aliinua uso, akatega sikio upande wa mlango, akangoja kidogo.

"Haitiki," alisema. "Haya, bonyeza."