Ujumbe wa Wilbard

Fortunata, katibu wa ndiva, bwawa la kumwagilia la kitongoji chao huko Chome, alikuwa ndani ya bwawa hilo, tope limemfika magotini, simu ilipolia mfukoni. Wilbard wa Kihurio, kule chini tambarare, alikuwa ameandika: "Dada, mbegu nimezipata."

Aliusoma, akausoma tena. Wilbard hutumia programu ya ujumbe ya kampuni nyingine kabisa!

Zamani kampuni ya programu anayotumia Fortunata iliwaacha wateja wake waandikiane na wa kampuni yoyote. Ilipojaza watu, ikafunga mlango, naye akabaki anatembea na simu mbili kama mwehu, moja kwa kila programu, akiwalaani kwa Kipare. Juzi redio ilisema wamefungua tena. Hakuamini, mpaka sasa.

Alibaki ameiinua simu juu ya tope. Maneno matatu yamepanda mlima wote huu, yametoka kwa kampuni moja yakaingia kwa nyingine, kama maji ya ndiva yanavyopita mashamba ya watu wasiosalimiana. Aliwatazama wenzake arobaini, walioitikia baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, alfajiri, wakizoa tope kwenye bwawa lisilo na mwenyewe. Hata huko kwenye simu, aliwaza, kumbe kuna watu walioendelea kuzoa, njia ya wote isizibe, hata kampuni zilipoiacha.

"Una nini, Mama Asheri? Umeona malaika?" aliuliza Esta, jirani yake.

Fortunata akamweleza yote.

"Kwa hiyo walioziba mfereji wamerudi kuteka maji?"

"Wamerudi."

Esta alitemea viganja mate, akashika jembe.

"Na msaragambo wa miaka yote hiyo, nani aliwafanyia?"