Mstari Ulioinuka

Mstari kwenye skrini ulilala tuli kama shuka iliyopigwa pasi, na mkemia mkuu akaufurahia. "Safi," alisema, akivua miwani. "Maji ya chekechea hayana sumu ya risasi. Saa sita wafungue bomba, watoto wanywe."

Nilikuwa nyuma yake, ndani ya koti jeupe ambalo mikunjo ya dukani ilikuwa bado haijalitoka. Miaka sita niliosha chupa katika maabara hii hii, jioni nikienda darasani na mtoto mgongoni. Ndiyo maana hadi leo wananiita Mama Chupa. Sikuitazama skrini. Niliitazama elektrodi, kile kijiti cha kaboni kinachotumbukizwa majini. Ncha yake ilikuwa na ukungu, na kijiti kichafu hakishiki risasi hata kama imo.

"Bosi, samahani. Hii imesuguliwa leo?"

"Niliisugua jana."

"Jana tulipima maji ya kiwanda cha ngozi."

Akacheka, si kwa ubaya. "Mama Chupa, kwako kila kitu ni chombo kichafu."

"Na vyombo vichafu ndivyo vilivyonisomesha, bosi. Niachie nusu saa."

Aliitazama fomu iliyosubiri saini yake. Nikikosea, nitakuwa mwosha chupa aliyejitia kujua. Nikinyamaza, watoto wa rika la binti yangu watakinga vikombe.

"Nusu saa," akasema. "Dakika ya thelathini na moja sikujui."

Nilinyunyiza unga mweupe kwenye kitambaa kilicholowa, nikaisugua elektrodi kwa kuchora nane, polepole, kama ninavyompangusa binti yangu pua akiwa na mafua: bila kumuumiza, bila kumwachia kitu. Nikapitisha gesi ya naitrojeni majini hadi oksijeni yote ikatoka. Kisha nikaipa elektrodi umeme hasi, nikakaa kungoja. Hapo ndipo wengi huchoka. Risasi haiji kwa kuitwa mara moja. Hujikusanya chembe kwa chembe juu ya kaboni, na jicho halioni chochote. Dakika tano nzima. Bosi aligonga kalamu mezani.

Nikaanza kuupandisha umeme. Mstari ulitambaa, ukatambaa, kisha pale pale ambapo risasi huiachia kaboni na kurudi majini, ukainuka: mlima mwembamba, wenye ncha.

"Pengine ni uchafu wa chupa," bosi alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Hoja hiyo niliitarajia. Nikapima maji safi kabisa kutoka chupa iliyooshwa vile vile: mstari ukalala. Nikarudia maji ya chekechea, nikaongeza tone la risasi yenye kipimo kinachojulikana: mlima ukarefuka, mahali pale pale.

Bosi akanyanyua simu. "Bomba lisifunguliwe," alisema, akaichana fomu yake na kunisukumia mpya. "Aliyepima ndiye anayesaini."

"Jina langu lote?"

"Lote. Wasije wakadhani chupa zimejifunza kuandika."

Nikaandika, na herufi zilisimama wima.

Jioni, binti yangu aliniuliza, "Mama, leo umefanya nini kazini?"

"Nimesubiri dakika tano."

"Tu?"

"Tu."

Akafikiri. "Hata mimi naweza."

Akaketi sakafuni, kikombe chake cha maji mapajani, mgongo wima, akaanza kuhesabu.